Nambari ya simu si mtu

Haya, nimerudi. Nimekuwa kimya wiki tatu hivi. Sikuugua wala sikusafiri, nilikuwa napigana na ukurasa mmoja tu: ule wa kujisajili na kuingia.

Kisa ni hiki. Kikundi cha wakulima wadogo wa chai huku kwetu, upande wa Litein, kiliniomba niwatengenezee mfumo mdogo wa wavuti. Mkulima aone kilo alizopeleka kituoni, malipo ya mwezi, deni la mbolea na, ikifika, bonasi. Sehemu ya hesabu niliimaliza kwa siku nne. Nikajiambia, sasa naongeza mlango wa kuingilia, nusu siku inatosha. Nusu siku! Mnaoandika programu mnacheka, najua.

Toleo la kwanza nililinakili kutoka mafunzo ya mtandaoni kama lilivyo: jina la kwanza, jina la mwisho, barua pepe, neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Siku ya kulijaribu kogo mmoja (huku ndivyo tunavyomwita nyanya) aliniuliza, "Kijana wangu, hiyo imeili inauzwa wapi?" Watu wakacheka. Majina nayo yakanishinda mapema: kwenye orodha walikuwamo akina Cheruiyot watatu wenye jina la ubatizo lilelile, na wawili kati yao wanapeleka majani kituo kimoja.

Basi nikafanya wanavyofanya wengi Kenya. Nikatupa barua pepe, nikaweka nambari ya simu, na tarakimu sita zinazotumwa kwa SMS. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 tumezoea kuamini kwamba nambari ya simu ndiyo mtu mwenyewe. Hapo ndipo nataka kugombana na wenzangu.

Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hurudishwa sokoni ikauzwa kwa mwingine. Kama akaunti ya mzee imefungwa kwa laini hiyo, mnunuzi mpya anaomba tarakimu sita, anazipata, anaingia. Matapeli wanaobadilisha laini ya mtu bila yeye kujua sote tunawafahamu. Halafu kuna mulika mwizi moja inayotumiwa na nyumba nzima.

Ila kilichoniuma zaidi si cha kiufundi. Nambari ya mkulima, ile inayoandikwa kwenye risiti, mara nyingi iko kwa jina la mume. Simu inayopokea ujumbe iko mfukoni mwake, au kwa kijana anayefanya kazi Nakuru. Anayechuma na kubeba kikapu hadi kituoni ni mama. Mfumo wangu ulisema akaunti moja, simu moja. Kwa mstari mmoja wa msimbo nilikuwa nimeamua jambo la nyumbani kwa watu, bila kuulizwa, na nilikuwa nimeamua kwamba mama asione chochote. Mama mmoja aliniambia waziwazi, "Hiki chako ni kama kitabu cha zamani, tofauti ni kwamba sasa kimefungwa kufuli."

Nikabomoa. Kwenye hifadhidata nikatenganisha vitu viwili nilivyokuwa nimevichanganya: mtu, na nambari ya mkulima. Mtu mmoja anaweza kuhusishwa na nambari kadhaa, na nambari moja ikawa na watu kadhaa, kila mmoja na ruhusa yake: huyu anaona kilo, huyu anaona fedha, huyu anaweza kubadilisha nambari ya kulipwa. Ni jedwali moja tu la ziada. Laiti ningeanza nalo.

Kisha nikajiuliza swali ambalo mafunzo hayaulizi kamwe: je, lazima watu wajisajili? Swali la kila siku la mkulima ni dogo. Mzani ulisema kilo 23, je, ofisini zimeandikwa 23? Kwa hilo nimeweka ukurasa usio na akaunti kabisa. Unaandika nambari ya risiti na kilo zilizo juu yake, unajibiwa "zinalingana" au "hazilingani". Aliyeshika risiti ndiye anayeuliza, awe mama, mtoto au mchumaji. Jirani akitaka kukisia atachoka, maana majaribio yana kikomo, na hata akipatia hapati jina wala shilingi. Akaunti nimeiacha kwa mambo ya fedha peke yake. Tarehe ya kuzaliwa na vijisanduku vingine nimefuta. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yenyewe inataka ukusanye kile tu unachohitaji.

Neno la siri. Kuna aliyenishauri niwape wote neno la kuanzia, tarakimu nne za mwisho za kitambulisho. Ndugu yangu, nambari ya kitambulisho kwa miaka ilikuwa ikiandikwa kwenye vitabu vya mawakala wa M-Pesa na kwenye malango yenye askari! Na zile kanuni za alama na herufi kubwa, mwenye kuzieneza, Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo wake mwaka 2003, na mwaka 2017 akakiri kwamba anajutia sehemu kubwa yake. Taasisi hiyo mwaka huohuo ikaachana nazo: urefu ni muhimu kuliko alama, na usimlazimishe mtu kubadilisha kila baada ya miezi michache. Mimi naruhusu maneno manne ya Kikipsigis yaliyounganishwa. Kogo anayakumbuka.

Kuhifadhi ni rahisi kumwelewesha mtu wa Kericho. Majani yakishapita mashine za CTC, yakakatwa, yakararuliwa na kusokotwa, huwezi kuyarudisha kuwa majani. Neno la siri nalo lisagwe hivyo kabla ya kuhifadhiwa, na kila moja litiwe chumvi yake ili maneno mawili yanayofanana yasitoe punje zinazofanana. Bcrypt inafanya hayo tangu 1999, na PHP ina kifaa chake ndani tangu toleo la 5.5 la 2013, kwa hiyo usijitungie. RockYou walihifadhi maneno ya siri bila kuyasaga, na mwaka 2009 yakaibwa zaidi ya milioni 32.

Ila mlango halisi ni kile kitufe cha "nimesahau". Ukiweka kufuli la chuma mbele na kitufe hicho kinatuma tarakimu sita kwa laini iliyouzwa, umefanya nini? Kwangu anayesahau anakwenda ofisi ya kikundi na kitambulisho mkononi, wanakamati wawili wanaidhinisha, jina lao linabaki kwenye kumbukumbu, na nambari ya kulipwa haibadiliki kabla ya siku tatu, huku nambari ya zamani ikipewa taarifa. Ni polepole, najua. Mtu wa Nairobi atalalamika. Anayesubiri bonasi ya mwaka mzima hajalalamika.

Limebaki moja: nani anaruhusu mama aongezwe kwenye nambari ya mkulima? Mume peke yake? Nimekataa kuliandika mpaka kikundi kiamue. Kikao kimeahirishwa mara mbili sasa, na hiyo sehemu ya mfumo bado nimeifunga.