Mpeleke akaone chuo kabla hajakichagua

Watoto wa kidato cha tano wako nyumbani likizo. Wengine wanalala mpaka saa nne asubuhi, wengine wako tuisheni, na wengi ukiwauliza wanataka kusoma nini chuo kikuu wanajibu, "Nitaangalia." Mzazi mwenzangu, lichukue jibu hilo kama lilivyo. Mpeleke akaangalie kweli.

Mwakani wakati kama huu nafasi hiyo haitakuwepo. Mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei. Baada yake wengi huitwa JKT, na matokeo hutoka wakiwa bado kambini. Dirisha la udahili linafunguliwa, maombi ya mkopo nayo yanataka viambatanisho, na kila kitu kina tarehe ya mwisho. Ndipo chuo kinachaguliwa kwa simu usiku, bando likikaribia kuisha, kwa kufuata jina au kwa sababu rafiki naye kaomba hapo. Uamuzi wa miaka mitatu, minne au mitano unafanywa na kijana ambaye hajawahi kuvuka geti la chuo chochote.

Likizo hii ina faida mbili. Vyuo vingi bado viko muhula wa pili, kwa hiyo utawakuta wanafunzi wenyewe. Na mtoto bado ana mwaka mzima wa kusoma, hivyo atakachokiona kinaweza kubadili anavyojiandaa.

Barabara moja, vyuo vya kila aina

Chukua mfano wa barabara ya Dar es Salaam hadi Iringa. Ni kama kilomita 500. Kwa basi unaweza kuzimaliza kwa siku moja, lakini ukilala Morogoro usiku mmoja na Iringa usiku mmoja, utaona mengi bila kukimbizana.

Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984, chini ya Milima ya Uluguru. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani na mashamba ya chuo yako pale pale. Wazazi wengi wakisikia SUA wanafikiria jembe tu. Mtoto wa PCB ambaye nyumbani anasikia neno moja, udaktari, atakuta hapo tiba ya wanyama, ambayo ni miaka mitano, lishe ya binadamu, sayansi ya chakula na usimamizi wa wanyamapori. Si lazima azipende. Ila akijua kwamba masomo yake yanafungua milango zaidi ya mmoja, hata alama zisipofikia udaktari hatajiona ameshindwa maisha.

Ukitoka mjini kuelekea Iringa, zaidi ya kilomita 20 mbele, kuna Chuo Kikuu Mzumbe. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa, kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Kiko nje ya mji, kimetulia. Kuna kijana atakayesema hapa ndipo nitasoma, na kuna atakayeona upweke. Hiyo ni taarifa ambayo tovuti haikupi. Kumbuka pia kwamba Mzumbe ina kampasi Mbeya na Dar es Salaam, kwa hiyo uliza kozi anayoitaka inafundishwa kampasi ipi. Swali hilo ni la kuuliza kila chuo chenye kampasi zaidi ya moja.

Mikumi mpaka Kitonga ni muda wa kusikiliza

Baada ya hapo barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Swala, twiga, pundamilia na nyani unaweza kuwaona kutoka dirishani, na bango linakukumbusha faini ya kugonga kila mnyama. Mbele unashuka bonde la Ruaha lenye mibuyu pande zote, unapita Ruaha Mbuyuni penye vitunguu vya kila ukubwa, kisha gari linaanza kupanda Kitonga polepole nyuma ya malori, bonde likiwa chini yenu.

Saa hizo msimalizie zote kwenye simu. Vijana wengi huongea vizuri zaidi mkiwa mmekaa bega kwa bega kuliko mkitazamana sebuleni. Usimuulize, "Kwa hiyo umechagua kipi?" Muulize ameona nini, nani alimvutia, wapi asingependa kuishi. Halafu nyamaza. Kama amesema hataki uhasibu ambao umemwombea tangu yuko darasa la tano, usianze kubishana hapo hapo. Mwache amalize sababu zake. Ukimkatiza, atakachojifunza ni kukuficha, na utayajua mawazo yake akiwa mwaka wa pili anaomba kubadili kozi.

Iringa ni baridi, bebeni masweta. Mjini kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichokuwa sekondari maarufu kabla ya kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Hapo ndipo pa kumpeleka anayewaza ualimu. Kipo Chuo Kikuu cha Iringa, cha Kanisa la Kilutheri, na kipo Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Kwa siku moja mtoto analinganisha chuo cha umma na vya madhehebu, ada zake na taratibu zake. Jioni mkipata nafasi, pandeni jiwe la Gangilonga mkautazame mji, au siku inayofuata nendeni Isimila mkaone nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale.

Nani aulizwe, na aulizwe nini

Getini jitambulisheni na semeni mnakwenda ofisi ya udahili. Ni vizuri kupiga simu siku kadhaa kabla. Hapo ulizeni sifa za kujiunga na ada, na mlinganishe na mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Msione aibu kuhakikisha kozi ina ithibati. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, na wazazi wengi walihangaika.

Kisha mwache mtoto aende kantini akaongee na wanafunzi bila wewe. Mzazi akiwepo, wote watasema chuo ni kizuri. Aulize mambo haya:

- Hosteli zinatosha, au mwaka wa pili mnakwenda kupanga mtaani? Kodi ya geto ni shilingi ngapi, na mwenye nyumba anataka miezi mingapi?
- Maji yanatoka kila siku?
- Chakula cha siku kwa mama lishe kinagharimu kiasi gani? Bumu likichelewa mnaishije?
- Maabara na kompyuta mnazitumia, au mnaziona tu?
- Mafunzo kwa vitendo mnakwenda wapi, na nani anawatafutia nafasi?
- Kwa binti hasa: njia ya usiku kutoka maktaba hadi bwenini ikoje?

Majibu ayaandike mwenyewe kwenye daftari. Usiku mkae na kalamu mpige hesabu. Mkopo wa Bodi una mafungu yake, kama ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo, na si kila anayeomba hupata yote. Mtoto ajue pia kwamba ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi mpaka liishe. Afadhali alisikie hilo kutoka kwako leo kuliko kwenye hati yake ya kwanza ya mshahara.

Kama nauli haitoshi

Si kila nyumba ina uwezo wa kwenda Iringa na kurudi, na si lazima. Ukiwa Dar es Salaam, daladala inakufikisha Mlimani. Dodoma kuna UDOM, Mwanza kuna SAUT pale Malimbe, Zanzibar kuna SUZA pale Tunguu. Wazazi watatu mnaweza kuchanga mafuta ya gari moja, au mtoto akafuatana na mjomba anayesafiri kikazi. Hata chuo kimoja, asubuhi moja, kinatosha kumfundisha maswali ya kuuliza kuhusu vingine.

Ada utalipa wewe, na una haki ya kusema uwezo wako unaishia wapi. Mwambie kiasi hicho mapema, kabla hamjaondoka nyumbani. Ndani ya kiasi hicho, mwache achague, maana siku ya kuripoti utamshusha na begi lake na kugeuza. Atakayebaki pale ni yeye.