Kaseti feki nazo ni historia

Siku nyingi sijabandika kitu hapa, kazi za wateja zimenikaba koo. Leo tuache kidogo habari za PHP na seva zinazokufa usiku. Nataka tuzungumze kuhusu vile vitu vilivyo juu ya kabati ya mama, ndani ya mfuko wa nailoni, waya zimefungwa kwa raba: mashine za gemu za zamani.

Nimekuwa nikizikusanya kwa muda sasa, kutoka Maua hadi Embu mjini, na kila nikimwambia mtu hivyo, swali la kwanza ni lile lile: "Zinauzwa pesa ngapi?" Siwalaumu. Julai 2021 huko Marekani kaseti moja ya Super Mario 64, ambayo haijawahi kufunguliwa, ilipigwa mnada kwa dola milioni 1.56. Habari kama hiyo ikifika Gakoromone kila mwenye kaseti anaanza kuota ploti. Basi niseme mapema tusipotezeane wakati: zako hazina bei. Zangu pia hazina. Kwa wale wa mnada ni takataka, tena takataka za bandia. Na mimi nasema hizo takataka ndizo zinazofaa kufunguliwa, kupigwa picha, kunakiliwa na kuandikwa mtandaoni, kabla mtu wa vyuma kuukuu hajapita na mizani yake.

Tuanze na mashine yenyewe. Nintendo walitoa Famicom yao Japani mwaka 1983. Watoto wa Nkubu na Runyenjes hawakuiona. Tulichokiona ni nakala zake kutoka Taiwan na Uchina, zile tulizoziita "TV game", zenye padi mbili na bunduki ya plastiki ya kupigia bata. Ukifungua moja leo utashangaa jinsi ilivyo tupu ndani. Famicom halisi ina chipu ya Ricoh inayotokana na 6502, chipu nyingine ya picha, na vikorokoro vya kuzunguka. Nakala za baadaye ziliingiza vyote hivyo ndani ya kipande kimoja cha silikoni na kukifunika kwa tone la gundi nyeusi. Ndiyo maana fundi wetu hakuweza kuitengeneza ikiharibika: utatengeneza nini ndani ya tone la gundi? Alibadilisha waya wa umeme, akisafisha meno ya kaseti kwa kifutio, basi. (Kupuliza kaseti, jamani, hakukusaidia chochote. Mate yalikuwa yanaozesha shaba. Najua wengine mtakataa hadi kaburini.)

Halafu kaseti. Mnaikumbuka ile iliyoandikwa "9999999 in 1"? Ndani mlikuwa na gemu chache tu, kumi au ishirini hivi, zilizorudiwa rudiwa. Moja inaanza hatua ya tatu, nyingine unapewa maisha zaidi, nyingine imebadilishwa rangi na jina. Mtu fulani aliketi mahali, akafungua msimbo wa wenyewe, akabadilisha baiti chache, akachora menyu yake. Kama mtengeneza programu mimi nasoma hizo menyu kama ninavyosoma msimbo wa mtu niliyemrithi kazini: kuna uvivu ndani yake, lakini kuna ujanja pia.

Hapa ndipo rafiki zangu hunikatiza. "Lakini gemu zote hizo ziko mtandaoni tayari! Contra ipo, Mario yupo, unapakua dakika moja." Kweli, Contra ipo. Contra ya Konami. Ile kaseti yenye menyu ya wizi iliyouzwa kwenye meza ya nje pale Makutano haipo. Na hata ukiipakua Contra na kuifungua kwenye emuleta iliyowekwa mtindo wa Marekani utahisi kuna kitu si sawa: wimbo unakimbia, mtu anakimbia. Runinga zetu zilikuwa za PAL, fremu 50 kwa sekunde, ilhali za Marekani na Japani ni 60. Utoto wetu ulienda polepole kuliko wao, na hilo nimelipima!

Sasa nieleze kwa nini sioni haya kuhifadhi feki. Urusi nako hawakuuziwa Famicom ya halali. Mwaka 1992 kampuni ya Steepler ilianza kuuza nakala iliyoitwa Dendy, na kizazi kizima kikakua nayo. Poland walikuwa na yao, Pegasus. Warusi na Wapoland hawakusema "hii ni bandia, tutupe". Walifungua, wakapima, wakaandika namba za bodi, wakapiga picha za maboksi, wakabishana miaka na miaka. Matokeo yake ni kwamba leo ukifungua emuleta kama FCEUX au Mesen, kwenye orodha ya aina za mashine utakuta tatu: NTSC, PAL, na Dendy. Jina la mashine feki limeingia ndani ya programu inayotumika dunia nzima, kwa sababu waliokuwa nayo walijali kuiandika. Tone lile la gundi nyeusi lipo pia ndani ya mashine za Meru na Embu. Tofauti ni kwamba sisi hatujaandika.

Na kuandika si mashine peke yake. Mimi naona mali kubwa zaidi iko kwenye vibanda. PlayStation ya pili, ambayo Sony waliuza zaidi ya milioni 150 duniani, huku kwetu haikuwa mashine ya sebuleni. Ilikuwa biashara: runinga mbili tatu, mabenchi, pazia la gunia mlangoni, shilingi tano au kumi kwa mechi. Mshindi anabaki, aliyeshindwa anatoa padi na pesa. Kulikuwa na sheria. Stima ikipotea dakika ya themanini ukiwa unaongoza, nani analipa? Kila kibanda kilikuwa na jibu lake, na nimesikia wazee wa vibanda wakilitoa kwa uzito ambao ungedhani ni Njuri Ncheke wameketi. Kulikuwa na mkeka wa bei ulioandikwa kwa kalamu nene. Kulikuwa na majina tuliyowapa wapiganaji wa Tekken, majina ambayo Namco hawakuwahi kuyasikia. Kulikuwa na kadi za kumbukumbu: ile ya PlayStation ya kwanza ina kilobaiti 128, imegawanywa vipande 15, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe aliyekuwa tayari kupigana ukimfutia. Hayo yote hayapakuliwi mahali popote. Yako vichwani mwa watu ambao sasa wana mvi.

Ugumu mmoja ni aibu. Ukimwendea mtu aliyekuwa na kibanda zamani, anafikiri umetumwa na chifu. Vibanda vya gemu na mashine za kamari vimechanganywa kwenye akili za watu, hasa tangu serikali ilipoanza kukamata na kuteketeza zile mashine za kuingiza sarafu. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani zote ni "game". Mama mmoja alinihakikishia kwamba kijana wake "hakuwahi kucheza game", na nyuma yake, chini ya meza, padi inachungulia. Kwa hiyo naanza mazungumzo na kiothi. Mzee yeyote wa hapa anajua ule ubao wa mashimo na mbegu, na hakuna anayeona haya kuueleza. Tukishamaliza habari za mbegu, PlayStation inakuja yenyewe.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya feki za Uchina, nalo ni gemu zetu wenyewe. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta ya 3D iliyotengenezwa Kenya, kuhusu msichana anayetafuta vitu vya kale. Mtu aliyeandika injini yake mwenyewe wakati ambapo intaneti yetu ilikuwa ya satelaiti! Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009 tu. Mwaka huo huo wa 2009 Kirinya na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti. Hebu jiulize: wewe msomaji unayejiita mpenzi wa gemu, Nyangi umeicheza? Umewahi kuiona diski yake? Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Planet Rackus wa Nairobi walitoa Ma3Racer, unaendesha matatu kwenye simu ya Nokia, na watu wengi waliipakua kutoka duka la Ovi. Duka la Ovi halipo tena. Gemu iliyobaki ni ile iliyokwama ndani ya simu zilizovunjika vioo. Na simu nyingine zilizimwa kwa amri: Septemba 30, 2012 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya simu bandia kuruhusiwa kwenye mitandao ya Kenya, na zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Watu walizitupa. Na gemu za Java zilizokuwamo zikaenda nazo.

Msidhani ni sisi tu. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini mwao kabla ya 2010 haziuzwi tena popote. Hiyo ni nchi yenye makumbusho ya gemu na matajiri wa mnada. Sisi tunayo Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa 1974 ndani ya iliyokuwa ofisi ya D.C. wa mkoloni, na ninayapenda sana, lakini sijaona rafu ya Brick Game. Iwekwe! Skrini yake ya vyumba kumi kwa ishirini iliwafunza watoto wengi kupanga vitu kuliko vitabu fulani vya hesabu.

Najua mtaniuliza sheria. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya maandishi, yaani miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Kwa mashine ambayo plastiki yake haitafikisha muda huo, ulinzi huo ni kama kumlinda ng'ombe hadi mifupa iwe vumbi. Mimi nakula kwa kuandika programu, na sipendi kazi yangu iuzwe na mtu mwingine. Lakini kuuza ni jambo moja, kuhifadhi ni jingine. Msimamo wangu: piga picha na uandike maelezo bila kuogopa, hayo ni yako. Nakala ya data iliyomo ndani ya kaseti itoe, iweke salama, usiichuuze. Gemu ya Mkenya aliye hai, mwombe mwenyewe kwanza. Wengi watafurahi kwamba kuna anayekumbuka.

Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya stempu, barua na vitabu zaidi ya 8,000 wakati wengine waliona ni karatasi za wazungu na vinyago vya watalii. Leo ukiingia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Nairobi unakutana na jina lake mlangoni. Alikuwa na pesa na nafasi. Sisi tuna simu yenye kamera, inatosha kuanza.

Namna ninavyofanya mimi: picha ya mbele, ya nyuma, na ya bodi ndani, nikiweka rula kando. Namba zote zilizochapishwa, hata zisizo na maana. Kaseti nahesabu meno: 60 ni ya ukoo wa Famicom, 72 ni ya Nintendo ya Marekani na Ulaya. Kisha maneno ya mwenye kitu: alinunua wapi, mwaka gani, bei gani, waliiitaje. Hili la mwisho andikeni kwa lugha aliyolisema, iwe Kimeru, Kiembu au Sheng. Jina la mtu msiliweke bila ruhusa. Yote yanaingia kwenye faili ya kawaida ya maandishi, mistari na mkato, si ndani ya programu inayodai malipo kila mwezi.

Na msiyaweke mahali pamoja. GeoCities ilifungwa Oktoba 2009 na kurasa za watu zikafutika. Kundi la WhatsApp ni kaburi lenye kelele. Hata Internet Archive, ninayoiamini kuliko wote, ilidukuliwa Oktoba 2024 ikazimika kwa siku kadhaa. Nakala moja kwao, moja kwenye diski yako, moja kwa rafiki anayeishi mji mwingine.

Jumamosi nitakuwa Embu, upande wa Majimbo, kisha nipande hadi Chuka jioni, nikiwa na bisibisi, rula na kifutio. Anayejua aliko na diski ya Nyangi aniambie kabla ya hapo. Nauli nitalipa mimi.