Jina la Kemikali na Liwe Ramani ya Umbo Lake

Mwanafunzi anayeanza kujifunza kemia ya kaboni hukutana na kioevu kimoja chenye majina mawili. Viwandani huitwa isopentani. Kwa kanuni za wanakemia huitwa 2-methilibutani. Aghalabu mwanafunzi huachiwa ayakariri yote mawili, kana kwamba yana thamani sawa. Desturi hiyo haifai. Jina la pili ndilo lipasalo kufundishwa kwanza, kwani humtaka mwanafunzi afikiri, ilhali la kwanza humtaka akumbuke tu.

Fomula ya kioevu hicho ni C₅H₁₂. Atomu hizo zaweza kuungana kwa namna tatu tu. Kaboni zote tano zikifuatana katika mnyororo mmoja, hupatikana pentani ya kawaida, ambayo huchemka kwenye nyuzi 36 za Sentigredi. Mnyororo ukiwa na tawi moja, hupatikana isopentani, nayo huchemka kwenye nyuzi 28 hivi. Kaboni nne zikiizunguka moja ya kati, hupatikana neopentani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 9.5. Uzito wa molekuli zote tatu ni mmoja. Kilichobadilika ni umbo. Molekuli ndefu hugusana kwa eneo kubwa na kuvutana kwa nguvu zaidi. Zenye matawi hukaribia umbo la tufe, hugusana kidogo, na huachana upesi.

Jambo hili si la kitabuni tu. Katika mchana wa joto wa Dar es Salaam au Mombasa, isopentani iliyoachwa wazi mezani huweza kuchemka bila kupashwa moto. Mvuke wake ni mzito mara mbili na nusu kuliko hewa. Hivyo hutambaa chini na kuweza kuufikia moto ulio mbali.

Sasa na litazamwe jina. “Butani” husema kwamba mnyororo mrefu kuliko yote una kaboni nne. “Methili” husema kwamba pana tawi la kaboni moja. Tarakimu 2 huonyesha kaboni lilikoshikwa tawi hilo, kwa kuhesabu kuanzia ncha iliyo karibu nalo. Mwanafunzi anayeandika 3-methilibutani hakugundua kemikali mpya. Amehesabu kutoka ncha isiyofaa. Anayeandika 2-ethilipropani hakuutafuta mnyororo mrefu. Naye anayeandika 1-methilibutani ameitaja pentani ya kawaida bila kujua. Makosa yote matatu huweza kusahihishwa kwa kufikiri, pasipo kufungua kitabu.

Wapo watakaosema kwamba jina la zamani ni fupi na ndilo liandikwalo kwenye vyombo vingi. Hiyo ni kweli, na mwanafunzi hana budi kulifahamu, asije akashindwa kusoma kibandiko cha chupa. Lakini majina ya namna hiyo hayafiki mbali. Heksani ina maumbo 5, oktani 18, na dekani 75. Viambishi vichache haviwezi kuyatofautisha yote. Tena hupotosha. Kile kiitwacho isooktani, ambacho hutumiwa kupimia ubora wa petroli, kina matawi matatu, si moja, na jina lake la kanuni ni 2,2,4-trimethilipentani. Kwa sababu ya vurugu za namna hiyo wanakemia walikutana Geneva mwaka 1892 kuweka kanuni za kutaja majina.

Kwa hiyo yafaa somo lianze kwa mikono. Kila mwanafunzi apewe vidonge vitano vya udongo kuwa kaboni na njiti nne kuwa viungo, kisha atafute maumbo yote yawezekanayo. Atakapoona kwamba ni matatu tu, ndipo afundishwe kuyataja. Na katika mtihani asiulizwe jina peke yake, bali aeleze kila sehemu ya jina yasema nini. Atakayeweza hayo atalichora umbo la kemikali ambayo hajapata kuisikia.