Wewe unayeuza "weka namba ujue simu iko wapi": unadanganya watu

Mjomba wangu aliibiwa simu sokoni, upande wa Kibwezi. Si simu ya bei, ni mulika mwizi tu. Akamlipa kijana mmoja shilingi 1,500 aitafute "kwa mtandao". Kijana akarudi na ramani yenye duara jekundu, na katikati ya duara kuna boma la jirani. Jioni ile vijana wakaenda kwa jirani na rungu. Bila mzee wa kijiji kuwazuia, leo tungekuwa na matanga.

Mimi ni mtu wa kuandika programu, kwa hiyo wacha niseme wazi. Ndugu msomaji, hakuna tovuti inayoweza kujua simu iko wapi kwa kupewa namba tu. Habari hiyo iko ndani ya mitambo ya kampuni ya simu, na wewe na yule kijana hamna mlango wa kuingilia. Kwa polisi, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 imeweka njia ya kupitia kortini.

Haya, tuseme kijana angeingia kwenye mitambo hiyo. Angeona nini?

Angeona mnara uliohudumia simu, na upande wa mnara. Minara mingi imegawanywa pande tatu, kila moja nyuzi 120. Huku kwetu minara iko mbali mbali. Upande mmoja ukifika kilomita 10, hilo ni eneo la zaidi ya kilomita mraba 100. Hesabu mwenyewe ni maboma mangapi.

Mtandao wa GSM hupima pia muda wa mawimbi kufika, kwa hatua za kama mita 550. Unafuu upo, lakini bado unabaki na ukanda wenye upana wa nusu kilomita na urefu wa kilomita 21. Kupunguza zaidi kunahitaji minara mitatu inayoisikia simu hiyo hiyo. Nairobi utaipata. Ikutha je?

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: simu haishiki mnara wa karibu, hushika ule inaousikia vizuri. Mto Athi ndio mpaka wa Kitui na Makueni, lakini mawimbi hayajui kaunti. Ukiwa Kitui, kwenye mteremko wa Yatta unaotazama mto, unaweza kuhudumiwa na mnara wa Makueni. Rekodi itasema ulikuwa Makueni, na hujavuka mto!

Hata Marekani, sheria yao ya simu za dharura iliporidhia kutafuta kwa minara, ilidai mita 100 kwa asilimia 67 ya simu na mita 300 kwa asilimia 95. Na wao wana minara tele.

Najua mtaniambia: "Lakini simu ya kaka ilipatikana!" Sawa. Hiyo ilikuwa simu ya kisasa, yenye GPS na intaneti, na mwenyewe alifungua akaunti yake. Simu ilijipima yenyewe ikatuma jibu. Mulika mwizi haiwezi.

Kwa hiyo ukiibiwa: funga laini, nenda kituo cha polisi uandikishe, toa namba ya IMEI. Kama hujaibiwa bado, bonyeza *#06# leo, uiandike mahali.

Na wewe unayeuza maduara: Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na tuna sheria ya data tangu 2019. Lakini hata sheria ikilala, jua kwamba katikati ya duara unalochora kuna mtu anapika ugali na watoto wake. Rudisha hiyo 1,500.