Kumwogesha Mgonjwa Kitandani

Mzee aliyepooza anaporudishwa nyumbani Bunda au Butiama kutoka hospitali ya Musoma, kazi ya muuguzi huwa yako. Katika familia nyingi za Mara mkaza mwana hamwogeshi baba mkwe. Basi mwana wa kiume asisingizie uchovu wa kazini.

Maji ya uvuguvugu uyapime kwa kiwiko. Mfunike mzee shuka, ufunue kiungo kimoja kimoja. Anza na macho, bila sabuni. Sehemu za siri ziwe mwisho, kwa maji mapya. Kausha mikunjo ya ngozi.

Kisha mgeuze, ukague kiuno, makalio na visigino. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Tafuta palipozidi weusi, joto au ugumu. Hapo usipasugue, maana ndipo kidonda cha kulala huanzia. Mgeuze tena kila baada ya saa 2, hata usiku.