Udongo Uliochoka Ndio Mlango wa Bungua

Wako watu wanaodhani kwamba mkulima wa miwa ana maadui wawili walio mbalimbali: udongo uliochoka na wadudu waharibifu. Kwa dhana hiyo, udongo ukichoka hutafutwa mbolea, na wadudu wakiingia hutafutwa sumu. Ukweli ni kwamba mambo hayo ni jambo moja, na hapana budi yashughulikiwe kwa pamoja.

Mfano ni bonde la Kilombero. Kiwanda cha kwanza cha sukari kilianza huko mwaka 1962, na cha pili mwaka 1976. Mbali na mashamba ya kampuni, maelfu ya wakulima wadogo huuza miwa yao huko. Mashamba mengi hayajui zao jingine. Muwa hukatwa, kisiki huchipua, ukakatwa tena mwaka unaofuata, na kila mzigo uendao kiwandani huchukua sehemu ya rutuba ya ardhi. Aidha, kabla ya kukata, shamba huchomwa moto, na naitrojeni iliyomo katika majani makavu hupotea angani pamoja na moshi.

Bungua aitwaye Eldana hunufaika na hali hiyo. Nondo wake hutaga mayai katika majani makavu yaliyoshikamana na shina. Kiwavi hutoboa pingili, akala ndani kwa ndani, na sumu ikinyunyizwa nje haimfikii. Mkulima, ambaye hulipwa kwa kadiri ya utamu wa miwa yake, hupunjika uzito na utamu pia.

Utafiti wa Afrika Kusini umeonyesha kwamba muwa uliozidishiwa naitrojeni humstawisha bungua huyo, hasa wakati wa ukame, na kwamba muwa uliopata silikoni ya kutosha humtaabisha kuutoboa. Huko Mount Edgecombe, jaribio lililoanzishwa mwaka 1939 limethibitisha kwamba udongo unaofunikwa na majani ya miwa huwa na mboji nyingi kuliko ule unaochomwa.

Watetezi wa moto husema kwamba unarahisisha ukataji, unafukuza nyoka na kuua baadhi ya wadudu. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwani kukata miwa mibichi ni kazi ngumu. Lakini moto huo huwaondolea makao sisimizi walao mayai ya bungua. Tena ukivuka mpaka, huunguza shamba la jirani ambaye zamu yake haijafika, na miwa iliyoungua huanza kuharibika katika muda wa siku chache.

Dawa basi si kumwongezea mkulima mifuko ya urea. Udongo upimwe kwanza. Shamba lililozeeka lipumzishwe kwa marejea au kunde. Pingili za mbegu zitoke katika mashamba safi. Matope yabakiayo kiwandani baada ya kuchuja maji ya miwa yamfikie na mkulima mdogo, maana rutuba hiyo ilitoka shambani kwake.

Lipo jambo moja lisilo mikononi mwa mkulima huyo, nalo ni zamu ya kukata. Muwa unaosubiri kupita umri wake ni karamu ya bungua. Kwa hiyo, wapangao zamu hizo wajue kwamba kila mwezi wa kuchelewa hulipwa na mnyonge. Maofisa ugani na walimu wanaoishi miongoni mwa wakulima wanao wajibu wa kulisema jambo hili waziwazi, katika vikao vya vyama vya wakulima na katika mashamba ya shule.