Breki Hazifeli Zenyewe

Kila lori la tela linaposhindwa kusimama mteremkoni na kuwaparamia watu, taarifa rasmi hutolewa kwa sentensi ileile: chanzo cha ajali ni kufeli kwa breki. Tuliisikia mwanzoni mwa Julai 2018, watu wapatao 20 walipopoteza maisha katika mteremko wa Iwambi, Mbeya. Tumeisikia tena mara nyingi tangu hapo. Marehemu huzikwa, viongozi hutoa pole, na sentensi hiyo huhifadhiwa kusubiri msiba mwingine.

Ndugu msomaji, naikataa sentensi hiyo. Inafunga mjadala mahali ambapo ungepaswa kuanza. Kufeli kwa breki ni matokeo, na matokeo hayo yana historia inayoanza mbali na mlima: katika ofisi ya mwenye lori, katika mkataba wa dereva, na katika vipaumbele vya dola.

Tuanze na fizikia, maana haina itikadi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela lake kufikia uzito wa jumla wa tani 56. Gari la uzito huo likishuka mita 100 za kimo, linaachia nishati inayotosha kuchemsha ndoo nane za maji za lita 20. Mlima Kitonga, katika barabara kuu iendayo Zambia, una kimo cha mara kadhaa ya hicho. Nishati hiyo haipotei. Lazima ipokelewe na kitu fulani. Dereva akiwa katika gia ndogo, injini na breki yake hupokea sehemu kubwa. Akiwa katika gia kubwa au gia huru, karibu yote huenda kwenye breki za magurudumu. Ngoma za breki hupata moto, hutanuka na kujitenga na lainingi, na lainingi zenyewe hupoteza mshiko. Moshi hutangulia, kisha harufu. Mwishowe dereva anakanyaga kwa nguvu zake zote na gari haliitiki. Kama breki za tela ni mbovu au zimerekebishwa visivyo, chache zilizo nzima hubeba mzigo wa zote, na huchoka mapema zaidi.

Kinga yake si siri. Madereva wakongwe wamewafundisha matingo wao kwa miaka mingi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa injini za leo zenye nguvu, hata hiyo huweza kuwa kubwa mno. Gia huchaguliwa kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu lori likishachukua kasi, gia ndogo inaweza kukataa kuingia. Breki haikanyagwi mfululizo. Ikiwa mwendo salama ni kilomita 40 kwa saa, dereva hukanyaga kwa uthabiti hadi 32, huachia breki zipoe, kisha hurudia mwendo ukifika 40 tena.

Kwa nini basi maarifa haya yanashindwa na mlima? Kwa sababu dereva anayelipwa kwa safari hulipwa kwa haraka. Anayeteremka Kitonga kwa mwendo wa taratibu anapoteza muda, na muda huo haumo katika malipo yake. Mafuta nayo hupimwa kwa lita, na upungufu hukatwa kwenye posho. Hivyo wapo wanaoweka gia huru ili kuokoa dizeli. Ukatili wa jambo hili ni kwamba akiba yenyewe haipo. Injini za kisasa zinazodhibitiwa kielektroniki hukata mafuta gari linaposhuka likiwa katika gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta. Zikiwa katika gia huru huendelea kuyatumia ili zisizimike. Watu wanakufa kwa ajili ya lita ambazo hazikuokolewa.

Na dola? Dola ina mizani. Lori hilohilo husimamishwa njiani na kupimwa, ekseli kwa ekseli, na likizidisha hutozwa. Ni jambo jema, kwa kuwa mzigo uliozidi huharibu barabara. Lakini hebu tujiulize tunalinda nini. Tumejenga mfumo unaojua uzito wa kila ekseli ili lami isipasuke, na mara nyingi hatujaweka mtu kileleni wa kuuliza kama breki za ekseli hizo zinafanya kazi. Lami imepata mtetezi kabla ya abiria wa daladala.

Ajali ikitokea, tunamtafuta mdogo wa kumtwisha. Katika makutano ya Londiani nchini Kenya, Juni 30, 2023, lori liliwaparamia wachuuzi, waendesha bodaboda na abiria, na zaidi ya 50 wakafa. Haukupita muda, ikaagizwa wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Marekani nayo haina la kujivunia. Mwaka 2019, karibu na Denver, jimboni Colorado, dereva kijana aliyepoteza breki akishuka milimani aliua watu 4. Alipita njia ya kuokolea malori bila kuitumia, naye alihukumiwa miaka 110 jela. Mamilioni ya watu walisaini kupinga, na gavana akaipunguza adhabu hadi miaka 10. Hata hivyo, wao walikuwa na njia ya kuokolea ya kuwekea swali mbele ya mahakama. Dereva wetu mara nyingi hana hata hiyo ya kuipita.

Sisemi kwamba dereva hana hatia. Wapo walevi, wapo wazembe, na sheria iwashughulikie. Lakini hukumu inayoishia kwa aliyeshika usukani inamwachia aliyepanga safari aajiri mwingine kesho.

Tudai basi mambo yanayopimika. Kila mteremko mrefu uwe na kituo cha lazima kileleni, ambapo lori husimama, breki hukaguliwa na gia huchaguliwa. Kibao kieleze urefu wa mteremko na mwendo wa lori kwa uzito wake, badala ya neno "tahadhari" peke yake. Zijengwe njia za kuokolea zenye kitanda cha kokoto. Malipo ya dereva yasitegemee haraka. Na kila uchunguzi wa ajali uanze na daftari la matengenezo la mwenye gari.

Mtumishi wa umma unayesoma hapa, siku moja faili la ajali ya namna hii litapita mezani pako. Ukikuta imeandikwa "breki zilifeli", usilifunge. Liandikie swali: zilikaguliwa lini, na nani, na nani alifaidika zisipokaguliwa?